Waya wa Kijani na Njano Bafuni: Kanuni za Umeme za Uingereza Tangu 1882

Kanuni za kwanza za kutandaza nyaya za umeme nchini Uingereza zilitolewa mwaka 1882 na chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme, ambacho baadaye kilijulikana kama Institution of Electrical Engineers. Zilikuwa kurasa chache, na jina lake lenyewe lilitaja hatari ya moto utokanao na taa za umeme. Bafu lilikuja kuwa na sura yake ndani ya kanuni hizo muda mrefu baadaye, hita na mashine za kunyolea zilipoanza kusogezwa karibu na maji.

Hatari ya bafuni inatokana na mwili wenyewe. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi, lakini ikilowa kizuizi hicho hupungua sana, na anayeoga hana viatu wala nguo. Mkondo wa miliampea 10 hivi unaweza kukaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuachia alichoshika. Ukizidi hapo mara kadhaa na kupita kifuani, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Fyuzi ya ampea 30 haihisi kiasi kidogo hivyo. Imewekwa kulinda waya usiungue, na kuitegemea fyuzi imwokoe mwogaji ni kosa.

Ndipo likaja wazo la kuunganisha vyuma vya bafuni pamoja. Wengi hudhani kazi ya waya huo ni kumwaga umeme ardhini. Hiyo ni kazi ya waya wa ardhi, unaorudisha mkondo wa hitilafu ili fyuzi ikatike. Waya wa kuunganishia husawazisha volti. Gamba la hita likishika umeme kwa hitilafu, na gamba hilo limefungwa kwa shaba na bomba la maji, vyote viwili hupanda pamoja. Anayeshika bomba kwa mkono mmoja na hita kwa mwingine hukuta tofauti ndogo kati yao. Kikomo kilichozoeleka ni volti 50 za umeme wa kubadilika.

Toleo la 15 la kanuni hizo, la mwaka 1981, ndilo lililolitilia mkazo wazo hili. Waya wa shaba wenye vazi la kijani na njano, kwa kawaida wa milimita 4 za mraba pale usipofunikwa, ulitoka bomba la maji baridi hadi la maji moto, ukapita kwenye rejeta na kufika kwenye hita. Kila ncha ilikazwa kwa kibano cha chuma kilichoning'inia kibandiko chenye onyo kwamba muunganisho huo ni wa usalama na usiondolewe. Baadhi ya mafundi walizidisha, wakafunga hata fremu za madirisha. Ziada hiyo ilikuwa na hasara yake: kipande cha chuma kisichogusana na chochote, kikishaunganishwa, huwa njia mpya ya umeme kumfikia mtu.

Mambo mawili yalikuja kupunguza haja ya waya huo. Mabomba ya plastiki yalichukua nafasi ya shaba, na plastiki haipitishi umeme. La pili ni kifaa kinacholinganisha mkondo uendao na urudio, kikakata umeme pale sehemu yake inapovuja. Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, aliyechunguza kwa miaka mingi mkondo anaoweza kuhimili binadamu, alibuni kifaa cha aina hiyo mwaka 1961, na kanuni za Marekani zikakidai kwa soketi za bafuni mwaka 1975. Uingereza ilifika hapo kwa toleo la 17, mwaka 2008: saketi zote za bafuni zilindwe kwa kifaa cha miliampea 30.

Umbali nao ulipangwa kwa maeneo yanayohesabiwa kuanzia ndani ya hodhi. Soketi ya kawaida ilitakiwa kuwa mita 3 kutoka ukingo wa eneo la 1, yaani nafasi iliyo juu ya hodhi, na marekebisho ya 2022 yalipunguza hadi mita 2.5. Soketi ya mashine ya kunyolea huruhusiwa karibu zaidi kwa sababu ina transfoma inayoitenga na ardhi.

Kenya, Tanzania na Uganda zilirithi plagi ya Uingereza ya pini tatu bapa, lakini bafu zake nyingi zina mabomba ya plastiki na hita ya papo hapo iliyofungwa juu ya kichwa cha mwogaji. Katika aina nyingi za hita hizo koili huzama moja kwa moja ndani ya maji. Hapo kuunganisha mabomba hakusaidii sana. Waya wa ardhi wa hita na kifaa cha miliampea 30 ndivyo kinga, na fundi anayeukata waya huo na kuuacha ukining'inia anamnyima mwogaji ulinzi mkubwa alionao.

Toleo la 2008 halikuufuta waya wa zamani. Liliruhusu uachwe kwa masharti matatu kwa pamoja: saketi zote za bafuni zikatike ndani ya muda uliowekwa hitilafu ikitokea, zote ziwe na kifaa cha miliampea 30, na vyuma vinavyoingia bafuni kutoka nje viwe vimeungana kweli na kituo kikuu cha ardhi cha nyumba. Sharti la mwisho hupimwa kwa mita, wala halikisiwi kwa macho, kwani bomba la shaba lililokatwa na kuungwa kwa kipande cha plastiki nyuma ya ukuta halionyeshi dalili yoyote. Volti 50 zikigawanywa kwa ampea 0.03 hutoa omu 1,667, na kipimo kati ya chuma hicho na kituo kikuu hakitakiwi kuzidi hapo. Kikizidi, waya wa kuunganishia hufungwa.