Jongoo Bahari na Mwati katika Historia ya Australia

Jongoo mchanga, ambaye wataalamu humwita Holothuria scabra, ni mnyama laini wa baharini anayejifukia katika mchanga na matope ya maji ya kina kifupi, na hupatikana pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwati wa dhahabu, yaani Acacia pycnantha, ni kichaka au mti mdogo wa kusini-mashariki mwa Australia, wenye maua ya manjano na magome yaliyojaa tanini, kemikali inayozuia ngozi za wanyama zisioze.

Kati ya hao wawili, aliyeiunganisha Australia na masoko ya mbali mapema zaidi ni jongoo. Walau tangu karne ya 18, mabaharia wa Makassar, bandari ya kisiwa cha Sulawesi, walifika Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, kila mwaka kwa pepo za kaskazini-magharibi, wakapiga kambi ufukweni, wakawachemsha majongoo, wakawafukia mchangani, wakawachemsha tena pamoja na magome ya mikoko yaliyowatia rangi, kisha wakawakausha kwa moshi na kuondoka nao pepo zilipogeuka, shehena ikiishia China. Nahodha Mwingereza Matthew Flinders, alipokutana na Pobasso, mmoja wa wakuu wao, mwezi wa Februari 1803, aliambiwa kwamba mashua 60 zilikuwa pwani hiyo. Wenyeji wa huko, Wayolngu, walifanya nao kazi na kubadilishana nao bidhaa, na baadhi yao walisafiri hadi Makassar. Mikwaju iliyoota katika kambi za mabaharia ingali ushahidi wa safari hizo.

Biashara hiyo haikufa kwa kukosa majongoo. Serikali ya South Australia, iliyotawala kaskazini wakati huo, iliwatoza mabaharia hao ushuru na leseni, kisha ikawanyima leseni kabisa, hata msimu wa 1906 na 1907 ukawa wa mwisho. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Septemba 1910, Sydney, Melbourne na Adelaide ziliadhimisha Siku ya Mwati. Mwaka 1912 mwati ukaingia katika nembo ya taifa, na mwaka 1988 ukatangazwa kuwa ua rasmi. Taifa changa lilihitaji alama ambayo ingeonekana ni yake peke yake, nalo ua la kusini, tofauti na jongoo, halikuwa na uhusiano na biashara ya mabaharia wa Makassar. Hata hivyo, mwanahistoria anayetaka kueleza biashara ya nje ya Australia hana budi kuanzia Arnhem Land, si Sydney.