Uwemo wa Lazima na Udhahiri

Katika sheria ya hataza ya Marekani, mkaguzi huweza kumkatalia mvumbuzi kwa kusema: sifa unayoidai haikutajwa katika hataza ya zamani, lakini ilikuwamo. Hoja hiyo huitwa inherensi. Tukiiita “uasilia”, msomaji atafikiria mila au mimea ya porini. Nachagua “uwemo wa lazima”, na uzito wote uko kwenye neno la mwisho.

Shauri la Robertson la 1999 lilihusu nepi za kutupa. Waombaji walidai nepi yenye vifungio viwili vya kumvalisha mtoto, pamoja na cha tatu, cha peke yake, cha kuifungia ikishachafuka na kukunjwa. Hataza ya awali haikutaja kifungio hicho cha tatu. Bodi ya rufaa ya ofisi ya hataza ikaona vifungio vilivyokuwapo vingetosha kwa kazi hiyo pia. Mahakama ikatengua: kuweza kuwamo si kuwamo. Hata jambo linaloelekea sana kutokea halitoshi.

Kwa hiyo mkaguzi ndiye anayeanza kutoa sababu, za kiufundi au za ushahidi. Lakini hana maabara, na shauri la Best la 1977 lilimwonea huruma kidogo: akishaonyesha msingi wa kuamini kwamba bidhaa mbili ni kitu kimoja, mwombaji ndiye atakayethibitisha tofauti.

Udhahiri ni kipimo kingine kabisa. Humuuliza fundi wa kawaida wa fani: kwa maarifa ya siku ile, ungeona sababu ya kuunganisha hiki na kile? Uwemo haumuulizi mtu. Katika shauri la Schering la 2003, dai la kampaundi inayotengenezwa na mwili mgonjwa amezapo loratadini, dawa ya mzio, lilianguka kwa sababu dawa yenyewe ilikwisha kufichuliwa katika hataza ya zamani. Kwamba hakuna aliyeitambua kampaundi hiyo hakukuliokoa dai.

Hatari ni kuvichanganya vipimo hivi. Shauri la Rijckaert la 1993 lilisisitiza kwamba kisichojulikana hakiwezi kuwa msingi wa udhahiri. Shauri la Par la 2014 likakubali uwemo utumike katika hoja ya udhahiri, ila kwa masharti makali: sifa inayokosekana iwe imo kwa lazima, au iwe tokeo la asili la muunganiko ambao vipengele vyake vimetajwa waziwazi katika maarifa yaliyotangulia. Kwa maoni yangu, mkaguzi athibitishe kwanza muunganiko, ndipo aitaje sifa.