Nyumba Yenu Inaitwaje?

Mzee niliyekwenda kununua kwake mbao za mwaloni hakuniuliza natoka nchi gani. Aliniuliza nyumba yetu inaitwaje. Nilidhani sijamsikia vizuri, maana Kihispania changu wakati ule kilikuwa cha karakana tu: msumeno, gundi, sentimita. Akarudia polepole. Nikamjibu kwamba nyumba yetu Bagamoyo haina jina, ina namba ya kiwanja. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia kwetu watoto hawapewi majina.

Mimi ni seremala. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu aliyekuwa akiunda mashua, na sasa natengeneza milango na ngazi katika karakana moja mjini Tolosa, jimbo la Gipuzkoa, nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Swali la yule mzee lilinikaa kichwani mpaka siku nilipopanda kijiji cha Ezkio, nikaingia nyumba inayoitwa Igartubeiti.

Ezkio ni kijiji kidogo juu ya kilima. Kuna kanisa na nyumba kadhaa, na nyingine zimetawanyika kwenye malisho, kila moja peke yake na shamba lake. Nyumba ya shamba ya namna hiyo Wabaski huiita baserri. Igartubeiti, yaani Igartu ya chini, ilijengwa katikati ya karne ya 16. Serikali ya jimbo iliikarabati, na tangu 2001 ni makumbusho.

Nilipoingia nilifanya kama afanyavyo seremala yeyote: nikatazama juu. Nguzo za mwaloni zinatoka sakafu ya chini mpaka paani, kila moja mti mzima usioungwa. Zimetobolewa kwa patasi, ulimi umeingia kwenye tundu lake, na kinachoshikilia ni kigingi cha mbao. Mjomba angefurahi. Halafu nikaona boriti iliyonichanganya. Ni gogo la urefu wa mita 10 hivi, nene kuliko kiuno changu, limelala katikati ya ghorofa ya juu. Nikaanza kutafuta linabeba nini. Halibebi paa. Halibebi dari. Nilizunguka mara mbili kabla ya kukubali kwamba gogo zito kuliko yote nyumbani humu halina mzigo wowote.

Ni wenzo. Nyumba nzima ni mtambo wa kukamulia matufaha, na mtambo huo unaitwa dolare. Matufaha yalipondwa kwenye sakafu ya mbao huko juu, yakarundikwa chini ya gogo, yakafunikwa kwa mbao na magogo mafupi. Ncha moja ya gogo imebanwa baina ya nguzo za nyumba. Ncha nyingine imepitiwa na parafujo kubwa ya mbao inayoshuka mpaka sakafu ya chini, na mwishoni mwake limefungwa jiwe kubwa. Watu wanazungusha parafujo, gogo linashuka, maji ya matufaha yanatiririka kwenye pipa. Nguzo zile nene hazikuwekwa kwa sababu ya paa. Paa la kawaida halihitaji nguzo za namna ile. Ziliwekwa zizuie gogo lisiing'oe nyumba. Sisi tungejenga nyumba kwanza, kisha tukaingiza mashine. Hawa waliunda mashine, wakaivika kuta, ndipo wakaingia kulala humo pamoja na ng'ombe wao.

Kilichokamuliwa huwa sagardo, kinywaji kikali kidogo cha matufaha, na hakikunywewa kijijini tu. Karne ile ile Wabaski walikuwa wakivuka Atlantiki kuwinda nyangumi pwani ya Labrador, Kanada, na mabaharia walibeba mapipa ya sagardo melini badala ya maji yanayooza. Meli yao moja, San Juan, ilizama pwani hiyo, huko Red Bay, mwaka 1565. Mwaloni wa nguzo na mwaloni wa meli ulitoka misitu ile ile, kwa hiyo nilipowaza mashua za mjomba mle ndani sikuwa mbali sana na ukweli.

Karibu mwaka 1630 nyumba iliongezwa. Karne hiyo mahindi kutoka Amerika yalikuwa yameenea vilima vya Gipuzkoa, na mahindi yanataka dari pana na kavu ya kuanikia. Hapa nina jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Zamani Wabaski walilima uwele, wakauita arto. Mahindi yalipokuja yakachukua jina hilo hilo la arto, na uwele, mwenye jina la asili, ukaanza kuitwa artatxiki, yaani arto ndogo. Mgeni kapokea jina, mwenyeji kapewa la utani. Sisi nasi tusijifanye wajuaji: zao la Amerika tumelipa jina linalonuka Uhindi.

Sasa nirudi kwa yule mzee. Kwa desturi ya huku, jina ni la nyumba kwanza, na watu hulipokea kutoka kwake. Familia mpya ikihamia Igartubeiti, baada ya muda majirani watawaita watu wa Igartubeiti, hata kama kwenye karatasi za serikali wana jina jingine. Na majina mengi ya karatasi yenyewe yalianza kuwa ya nyumba. Etxeberria ni "nyumba mpya". Kutokana na neno hilo hilo, lilipopita katika vinywa vya watu wa jimbo jirani la Navarra, ndiko kumetoka Xavier. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alizaliwa 1506 katika ngome ya Xavier, au Javier kama Wahispania wanavyoiandika, na mwaka 1542, akiwa njiani kwenda Goa, meli yake ilitia nanga Malindi. Marehemu baba yangu alibatizwa Ksaveri. Alitembea duniani zaidi ya miaka sabini akiitwa Nyumba Mpya, na hakujua.

Nyumba haikurithiwa vipande vipande. Wazazi walimchagua mtoto mmoja, naye akachukua vyote: shamba, mifugo, dolare. Katika mabonde mengine hawakujali awe wa kiume au wa kike. Ndugu zake walipewa kidogo walichopewa, wakaondoka, kwenda baharini, upadri, utawa, Amerika. Waliochunga kondoo katika nyika za Nevada na Idaho wengi wao ni watoto wa nyumba kama hizi ambao hawakuchaguliwa. Nimewasikia watu wa mjini wakiisifu desturi hii kwamba imelinda mashamba yasimegwe. Ni kweli yamelindwa. Lakini mimi ni wa nne kuzaliwa kwetu, na huifikiria zaidi ile siku ambayo mtoto wa nne alifunga kisanduku chake.

Hata wafu ni wa nyumba. Kila baserri ilikuwa na sehemu yake kwenye sakafu ya kanisa, na hapo ndipo watu wake walipozikwa. Mfalme Carlos III alipopiga marufuku kuzika ndani ya makanisa mwaka 1787, maiti zikahamia makaburini taratibu, ila wanawake hawakuhama. Kila mama mwenye nyumba aliendelea kupiga magoti mahali pake, mbele yake kibao kiitwacho argizaiola. Nimekishika kimoja mkononi. Ni kipande cha mbao kilichochongwa maua na duara za jua, kina miguu na kichwa kama mtu mfupi, na kiunoni kimezungushiwa utambi mwembamba wa nta, mizunguko mingi kama kamba ya nahodha. Unawashwa ncha, ukiisha kidogo unafunguliwa kidogo. Katika kijiji cha Amezketa bado wanaviwasha kanisani.

Nta ilitoka kwa nyuki, na nyuki walihesabiwa kuwa watu wa nyumba. Mwenye nyumba akifa, mtu alitumwa mizingani kuwapasha habari kwa sauti ya chini na kuwaomba watengeneze nta zaidi, kwa kuwa mishumaa inahitajika. Mtoto aliyekufa bila ubatizo alizikwa chini ya upenu, matone ya paa yakimdondokea. Na njia ambayo jeneza lilipita kutoka nyumba fulani mpaka kanisani ilikuwa na heshima yake, hakuna wa kuiziba. Mengi ya haya tunayajua kwa sababu ya José Miguel de Barandiarán, padri kutoka Ataun, bonde la jirani, aliyezaliwa 1889 akafa 1991. Aliwauliza wazee maswali madogo madogo miaka nenda rudi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, vilivyoanza 1936, vikamfukuza, akakaa upande wa Ufaransa mpaka 1953, na huko nako akaendelea kuuliza.

Mpaka hapa mtu atadhani kila mkulima alikuwa bwana kwake. La. Karne ya 19 wakulima wengi wa Gipuzkoa walikuwa wapangaji. Nyumba iliwamiliki wao, na tajiri wa mjini akaimiliki nyumba. Tarehe 21 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, walishuka mjini Donostia kulipa kodi, mkononi wamebeba jogoo wawili waliohasiwa na kunenepeshwa, zawadi kwa mwenye mali. Yeye akawapa chakula cha mchana. Siku hiyo leo ni gulio kubwa la soseji na sagardo, vijana wamevaa mavazi ya kikulima, na sijawahi kumsikia hata mmoja akitaja kodi.

Ezkio yenyewe iliwahi kuvuma kwa jambo jingine kabisa. Juni 1931 watoto wawili, ndugu, walisema wamemwona Bikira Maria mlimani, na katika wiki chache makumi ya maelfu ya watu wakamiminika. Kanisa lilikataa kulithibitisha. Mwanahistoria mmoja kaliandikia kitabu kinene. Mimi sina la kuongeza.

Kilichoziondoa baserri kwenye kilimo ni viwanda. Beasain, hapo bondeni, kuna kiwanda cha mabehewa ya reli, na kwa miaka mingi wanaume walikamua ng'ombe alfajiri, wakashuka kazini, wakarudi kukata majani. Watoto wao wakabaki na sehemu moja tu ya siku hiyo, ile ya kiwandani. Yule mzee wangu wa mbao ni mmoja wao: alichomea mabehewa mpaka alipostaafu. Mbao alizoniuzia zilikuwa za zizi alilolibomoa mwenyewe, maana ng'ombe hana tena.

Oktoba iliyofuata nilimwomba twende wote Igartubeiti, msimu ambao dolare hufanyishwa kazi. Matufaha yamemwagwa sakafuni, watu wanne wamesimama mraba, kila mmoja na mchi wake mrefu wa mbao. Wanaponda kwa kupokezana, wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila michi kugongana, kama wanawake wa kwetu kwenye kinu kimoja. Mlio huo wameufanya muziki, unaitwa kirikoketa, ni ndugu wa txalaparta ambayo wapigaji wawili huipiga juu ya ubao. Mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo. Alisema mmoja wao anachelewa.

Kisha wakarundika, wakafunika, wakashuka chini kuzungusha parafujo. Gogo lilianza kulia. Nilichuchumaa karibu na jiwe, maana nilitaka kuona kwa macho yangu. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika, watu wanazunguka tu na kuhema. Halafu chini ya jiwe ukatokea mstari wa mwanga, mwembamba kama ukucha, ukaongezeka ukawa unene wa kidole. Jiwe lilikuwa linaning'inia. Mzee akanishika mkono akauweka juu ya nguzo. Mti ulikuwa ukitetemeka kidogo kidogo, na kule nyuma nikasikia matone ya kwanza yakigonga pipa.