Mishipa Isiyoonekana kwa Nje

Nimepima macho ya wazee hapa Kambarage, Shinyanga, tangu nikiwa muuguzi kijana. Usukumani macho mekundu yaliwahi kuwa hukumu ya kifo: vikongwe waliopikia kinyesi cha ng'ombe kwa uhaba wa kuni waliitwa wachawi, kumbe ni moshi tu.

Ugonjwa ninaousaka mimi hauna wekundu. Jicho la bibi ni safi, ila anaona mlango umepinda, na uso wa mjukuu una doa jeusi katikati. Nyuma ya retina imeota mishipa dhaifu inayovuja maji na damu.

Mwaka 1961, wanafunzi wawili wa udaktari Marekani, Novotny na Alvis, walichapisha njia ya kupiga picha mishipa ya jicho: rangi ya fluoreseini hudungwa mkononi, kamera ikafuata inavyopita. Jicho la kwanza la mtu walilopiga picha lilikuwa la Alvis mwenyewe! Kuona kulitangulia, tiba ikachelewa. Leza ilichoma mishipa na kuacha kovu pale pale pa kuonea.

Mwaka 2005, Philip Rosenfeld wa Miami alidunga jichoni bevasizumabu, dawa ya saratani ya utumbo mpana inayozuia mishipa mipya kuota. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Marekani ukaonyesha inalingana na ranibizumabu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho, yenye bei ya juu mno. Kwa mgonjwa wa Shinyanga, mimi naona ushindi ulikuwa huo wa bei.

Basi wazee wangu, funikeni jicho moja mtazame fremu ya mlango. Ikipinda, mumwone daktari wa macho wiki hii hii, msingoje mavuno.