Kiti cha Askari wa Inchi 12

Udongo tunaouzungumzia haukuchimbwa ardhini. Ni plastiki iliyochanganywa na kilainishi, ikafinyangika mithili ya unga uliokandwa. Huko Ujerumani ulijaribiwa katika karakana ya wanasesere ya Käthe Kruse, kwa ajili ya vichwa vyao, ukaonekana haufai. Binti yake Sophie, aliyeitwa Fifi kwa mapenzi, hakuutupa. Mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber iliuchukua, ikauuza kwa jina la Fimo.

Mwaka huohuo, nchini Marekani, Hasbro ilimtoa G.I. Joe, askari wa inchi 12. Wenyewe hawakutaka aitwe mwanasesere, wakichelea wavulana wasije wakamkataa. (Biashara nayo ina tafsida zake.) Alipewa sare na silaha, samani za nyumbani wakaja kumfinyangia wapenzi wake, kwa dutu ileile iliyokataliwa kuwa kichwa cha mwanasesere.

Kwa kipimo cha 1 kwa 6, kikalio kilicho sentimita 45 juu ya sakafu hushuka hadi 7.5. Miguu hutiwa waya isipinde, sindano ikachora mistari ya mbao, kisha kiti huokwa kwa nyuzi 110 za Selsiasi, nusu saa. Moto ukizidi mno, huungua, kikafuka moshi wa sumu.