Nani Mficha Uchi?

Mficha uchi hazai. Methali hii tunaijua sote, na akina bibi waliitumia hasa kumsukuma mwali aende kwa mkunga aseme kinachomsumbua. Sina ugomvi na wahenga. Lakini nimesoma kidogo historia ya kisonono, kaswende na wenzao, nikaona methali imebebeshwa mzigo usio wake. Mwanamke akikosa mtoto, mtaani watasema: huyo alificha ugonjwa. Eti alificha! Je, kama ugonjwa wenyewe ndio uliojificha?

Tuanze mbali. Mwaka 1872 daktari mmoja mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akitibu wanawake huko New York, Emil Noeggerath, alitoa hoja iliyowaudhi madaktari wenziwe. Alisema mume aliyeugua kisonono ujanani, akadhani amepona, humwambukiza mkewe. Mke haoni jambo la kumtisha, ila viungo vyake vya uzazi vinaharibika polepole na mtoto hapatikani. Mwaka 1876 aliyarudia hayo mbele ya madaktari wa Marekani, nao wakamkatalia. Bwana mheshimiwa ampelekee mkewe gono nyumbani? Haiwezekani! Miaka mitatu baadaye, 1879, Albert Neisser akaviona kwa hadubini vijidudu vya kisonono. Kumbe Noeggerath hakuwa anapayuka.

Serikali nazo zilikuwa na jibu lao. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1864: katika miji ya bandari na ya kambi za askari, mwanamke akishukiwa kuwa malaya aliamriwa kupimwa, na akikutwa na ugonjwa alifungiwa hospitalini. Askari aliyelala naye hakuguswa na sheria hiyo. Josephine Butler na wenzake walipigana nayo mpaka ikafutwa mwaka 1886.

Huku kwetu mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Lambkin, aliandika kwamba kaswende imeienea Buganda kupita kiasi, na moja ya sababu alizozitaja ni uhuru walioupata wanawake. Wanahistoria wa baadaye wameona kuwa wengi wa wagonjwa wale huenda waliugua buba au maradhi mengine yanayofanana na kaswende, yasiyoambukizwa kwa zinaa. Kampeni ile ilituachia Hospitali ya Mulago, iliyoanza mwaka 1913 kama mahali pa kutibu magonjwa ya zinaa. Ilituachia pia ule mdomo wa kumnyooshea mwanamke kidole kwanza.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe, maana hapa ndipo kiini. Mwanamume akipata kisonono, mara nyingi usaha humtoka na mkojo unamchoma kama pilipili. Mwenyewe ataitafuta zahanati mbio. Mwanamke, vijidudu hukaa kwenye shingo ya kizazi, ndani kabisa, na mara nyingi hasikii kitu. Klamidia ni kimya zaidi. Ukichukua majimaji yake ukayatazama kwa hadubini, unaweza kukosa karibu nusu ya wagonjwa wa kisonono, wakati kwa mwanamume mwenye usaha kipimo hicho hicho kinafanya kazi vizuri. Wakati huo wote vijidudu vinaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Baadaye mimba hukosa njia, au hutunga nje ya kizazi na kuhatarisha uhai. Basi huyo dada alificha nini?

Tusiwasahau waliojaribu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 mkoani Mwanza ulifanyika utafiti uliotikisa dunia. Jamii 12 ziligawanywa: 6 zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida, 6 zikasubiri. Wahudumu hawakuhitaji maabara. Walifundishwa kusikiliza dalili na kutoa siku hiyo hiyo dawa za maradhi yote yanayoweza kuileta dalili ile. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizohudumiwa na 1.9 katika zile nyingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995, na njia ya kutibu kwa dalili ikaenea. Kwa mwanamume mwenye usaha na kwa mtu mwenye kidonda, njia hii ilisaidia sana.

Lakini mwanamke? Njia inaanza na dalili, naye mara nyingi hana. Na akiwa nayo, yaani akitokwa na uchafu ukeni, mara nyingi chanzo ni fangasi au kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa ukeni, si kisonono wala klamidia. Anapewa dawa za ugonjwa asiokuwa nao, anaambiwa amlete mumewe. Jamani, mnajua kikaratasi kile kinavyopokelewa nyumbani! Wako waliofukuzwa kwa sababu yake. Huku jirani yake mwenye klamidia anachota maji kisimani, hana habari.

Leo vipo vipimo vinavyotafuta chembe za urithi za vijidudu, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri vipimo vya namna hiyo vitumike kwa mwenye kutokwa na uchafu, pale vinapopatikana. Pale vinapopatikana! Kwa zahanati nyingi za vijijini, bei bado ni mlima.

Kwa kaswende, hata hivyo, tumeonyesha kwamba inawezekana. Mama mjamzito hupimwa damu kliniki hata kama hana dalili yoyote. Utafiti wa Mwanza uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba sindano moja ya penisilini, akigunduliwa mapema, inatosha kumkinga mtoto asizaliwe mfu au njiti kwa sababu ya kaswende. Hakuna anayemwuliza mama yule alificha nini. Anatolewa damu kidogo, yameisha.

Hilo ndilo ninalolitaka kwa kisonono na klamidia: tupime kabla ya dalili, bila kikaratasi cha aibu. Nanyi kaka zangu mnaosoma, mliotibiwa usaha mkanyamaza, rudini nyumbani mkaseme. Dalili mlikuwa nazo ninyi.