Pesa kwanza, daktari baadaye

Hebu fikiria uko Nairobi mwanzoni mwa mwaka 1990. Una dalili za ugonjwa ambao hutaki jirani ajue, labda kidonda mahali ambapo humwonyeshi mtu. Kliniki ya serikali ya magonjwa ya zinaa unaifahamu, na hadi juzi ulikuwa ukiingia bure. Leo dirishani karani anataka pesa kabla hajakuandikia kadi. Daktari hujamwona. Dawa kama ipo au haipo, hujui. Unalipa au unageuka?

Wengi waligeuka, na tunajua hivyo kwa sababu kuna watu waliohesabu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 serikali changa ya Kenya ilifuta ada ya shilingi 5 waliyokuwa wakitozwa wagonjwa wa nje. Kwa karibu robo karne gharama ikabebwa na kodi. Miaka ya 1980 hazina ikakauka, madeni yakapanda, na wakopeshaji wakaja na masharti yao. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyozishauri nchi kama zetu zianze kuwatoza wagonjwa. Tuwe wa haki: hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Pesa zingenunua dawa, na mwenye mafua asingeenda kujaza foleni ya hospitali kubwa. Nani kati yetu hajawahi kupanga foleni nusu siku hospitali ya umma, halafu anaambiwa dawa hakuna, kanunue nje?

Basi Desemba 1989 Kenya ikaanza kutoza. Hospitalini shilingi 20, kituo cha afya shilingi 10, na zahanati zikaachwa bila ada. Usiangalie kiasi tu, angalia na jina: hii ilikuwa ada ya kujiandikisha. Yaani unalipia kuingia. Ukifika ndani ukakuta rafu za dawa tupu, shilingi zako zimeshakwenda. Wasio na uwezo walitakiwa kusamehewa, lakini kusamehewa maana yake ni kusimama mbele ya watu ukaeleze umaskini wako kwa karani.

Mahudhurio katika vituo vya serikali yalianguka kwa karibu nusu. Septemba 1990, baada ya miezi tisa tu, ada ikasitishwa. Katika miezi saba iliyofuata, mahudhurio ya vituo vya afya yalipanda kwa asilimia 41, na baadhi ya waliorudi walitoka kwenye kliniki za binafsi. Kwa hiyo si kila aliyepotea alikuwa amebaki nyumbani bila tiba. Baadhi walikuwa wakilipa kwingine.

Sasa turudi kwenye ile kliniki ya magonjwa ya zinaa, maana hapo ndipo mimi hukwama kila ninapozisoma takwimu hizi. Stephen Moses na wenzake walilinganisha mahudhurio ya kabla ya ada, wakati wa ada na baada ya ada, wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1992. Wakati wa ada, wanaume walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Ada ilipoondolewa, wanaume walirudi hadi asilimia 64 tu. Wanawake walipanda hadi asilimia 122.

Hiyo 122 isome tena. Wanawake walikuja wengi kuliko hata kabla ya ada kuwepo. Watafiti waliona kwamba huenda idadi ya maambukizi yasiyotibiwa ilikuwa imeongezeka katika kipindi cha ada. Nami nikiiangalia pamoja na ile 64 ya wanaume, naona picha inayotisha kidogo: mwanamume hakutibiwa, au alijitibu nusunusu na vidonge vya dukani, kisha akarudi nyumbani. Huo ulikuwa wakati VVU vinasambaa Nairobi, na utafiti uliofanyika humo humo jijini ulikuwa umeshaonyesha kwamba vidonda vya sehemu za siri hurahisisha maambukizi ya virusi hivyo. Kwenye daftari la makusanyo ya hospitali, hasara ya namna hiyo haina safu yake.

Ada ilirudi mwaka 1992, ila safari hii wapangaji walikuwa wamejifunza jambo. Walianza na hospitali kuu ya taifa, wakashuka ngazi baada ya ngazi. Badala ya kulipia mlango, mgonjwa alilipia tiba: hakuna dawa, hakuna malipo ya dawa. Asilimia 75 ya makusanyo ilibaki kwenye kituo chenyewe, na 25 ikaenda kwenye huduma za kinga na za msingi wilayani. Lilikuwa bado ni tozo, lakini halikuleta mtikisiko kama ule wa kwanza. Mwaka 2004 ada za ngazi ya chini zikapunguzwa hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na Juni 2013 zikafutwa huko, pamoja na malipo ya kujifungua katika hospitali za umma.

Leo tuna SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Zahanati na vituo vya afya vinagharamiwa na mfuko wa serikali ukishajisajili. Kwa matibabu ya hospitali, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, na wala haoni dirisha lolote. Mama mboga naye hukadiriwa kipato chake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na kanuni zilimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hiyo ni shilingi 3,600 kabla hajaugua, kabla hajamwona daktari, na kabla hajajua kama dawa ipo.